Mzee Sifuri na Saa Yatima ya Mwisho

Ndugu zangu wa makao makuu na wa matawini, nanyi masista wa zahanati mnaolisoma jarida letu huku mmeegemea dirisha la dawa, salamu nyingi. Hamjambo? Watoto hawajambo? Wale mliokuwa na mafua mwezi uliopita, yamekwisha? Sisi huku tu wazima, Mungu tunamshukuru, ila feni ya korido ndogo bado inakwaruza kama ilivyokwaruza mwaka jana, na fundi bado anasema atakuja kesho.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu tunayemwita Mzee Sifuri anatimiza miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi, na anastaafu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Watayarishaji programu wote wakasema wamebanwa. Ndipo wakanikumbuka mimi, mshika funguo, ninayefungua milango asubuhi na kuifunga jioni, ambaye shule yangu haikufika mbali na kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Nikasema sawa. Mtu niliyekaa naye jengo moja miaka ishirini na miwili, nikishindwa kumsemea mawili matatu, chai yake yote nitakuwa nimeinywa bure.

Kwa ajili ya walioajiriwa juzi, nianze na kazi yenyewe. Kampuni yetu inawakumbusha wagonjwa dawa zao. Saa ikifika, simu inalia, mgonjwa anasoma "Sasa ni saa ya dawa yako", anameza, anabonyeza moja, nasi tunajua amemeza. Lakini Mzee alipoanza, simu za mkononi hazikuwa mifukoni mwa watu. Kulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la viatu, kompyuta moja nzito kama jiwe la kusagia, na mashine ya kuchapa iliyotoa orodha kila asubuhi: mgonjwa fulani, dawa fulani, saa fulani. Orodha zilipelekwa zahanati kwa baiskeli. Mzee ndiye aliyeandika programu, ndiye aliyekata karatasi, na siku mpanda baiskeli alipougua, ndiye aliyepanda baiskeli.

Jina la Sifuri alipewa kwa kejeli, likamkaa kuliko shati la kushonesha. Zahanati za kwanza zilikuwa zote mji mmoja, na saa ilikuwa moja. Baadaye tukapata zahanati za nchi nyingine, ambako sisi tukila chakula cha mchana wao ndio kwanza wanapiga mswaki. Kompyuta ikachanganyikiwa, watu wakachanganyikiwa zaidi. Mzee akaja na saa ya ukutani, akaitundika kando ya ile yetu, akairudisha nyuma saa tatu kamili, na chini yake akaandika kwa kalamu nene: SIFURI. Akawaeleza waliokuwepo kwamba hiyo ni saa ya ule mstari wa sifuri wa kwenye ramani, ambao dunia nzima imekubaliana kuhesabia kuanzia hapo. Haina mwenyewe, wala haimpendelei mtu.

Fundi wa mtandao wa wakati ule akaangua kicheko. "Jamani, saa ya hapa yenyewe anachelewa nayo, anataka saa ya ramani! Huyu bwana ni sifuri kabisa." Fundi yule alishahama kazi zamani. Jina limebaki, na saa imebaki.

Msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Kuna sista aliandika "2" kwenye fomu, akiwa na maana ya saa mbili asubuhi, kama tunavyohesabu sote tangu jua linapochomoza. Kompyuta ikasoma mbili ya kwake, ambayo kwetu ni saa nane usiku, na mtoto wa watu akaamshwa usingizini kumeza dawa ya kufuatia chakula, bila chakula. Mzee hakumlaumu sista, hakuilaumu kompyuta. Alichora jua dogo na mwezi mdogo kwenye fomu, ili mwandikaji aweke alama kwenye kimojawapo kabla ya kuandika namba. Fomu hiyo mnaitumia mpaka leo. Lile jua lenye jicho moja kubwa kuliko jingine ni mkono wake.

Sasa niungame dhambi yangu, maana wengine mmeisikia imetiwa chumvi. Mwaka wangu wa pili hapa tulitarajia wageni wakubwa. Nilifuta meza, nikapanga viti, nikatazama ukutani, nikaona saa zipo mbili, moja imebaki nyuma saa tatu, na maana ya neno la chini yake sikuijua. Nikajisemea, aibu gani hii, wageni watasema hatuna hata betri. Nikapanda ngazi nikairekebisha. Mzee alipoingia akatupa jicho ukutani, akatupa jicho kwenye kompyuta, akapauka. Alidhani mitambo yote imeruka saa tatu. Akasimamisha ujumbe wa wagonjwa wote kwa dakika kumi na tisa, mpaka mtu akamwambia, "Mzee, jana mshika funguo alikuwa juu ya ngazi."

Nilijua kazi imekwisha. Nilishaanza kusali kimoyomoyo. Alikuja mpaka stoo ya mifagio, akanitazama, akasema, "Umeirekebisha vizuri sana. Tatizo ni kwamba haikuwa mbovu." Kisha akanikabidhi pakiti ya betri. "Kuanzia leo saa hii ni yako. Ikisimama, nakuuliza wewe." Tangu siku hiyo nabadilisha betri mara mbili kwa mwaka, na haijasimama hata dakika. Mtu mwingine angeniandikia barua ya onyo. Yeye alinipa kazi ya kuheshimika.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Nchi moja ya kaskazini tunayoihudumia husogeza saa zake mara mbili kwa mwaka, na hakuna aliyekuwa akielewa. Asubuhi moja alikuja na tepu ya kupimia nguo ya mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akaitandaza mezani. Akafinya kipande cha katikati, kikafichika kiganjani.

"Mwezi wa tatu wanaficha saa moja. Unatoka hapa, unarukia hapa. Mwezi wa kumi wanairudisha." Akaachia, akapitisha kidole juu ya kipande kile kile mara mbili. "Saa inapita, halafu inapita tena. Sasa ukimpangia mgonjwa dawa kwenye saa inayopita mara mbili, atameza mara ngapi?"

Mama Pacha, mwenzetu wa kitengo cha majaribio, ambaye kazi yake ni kuivunja programu kabla wagonjwa hawajaivunja, akashika kichwa. "Mara mbili, Mungu aepushie mbali!"

"Na kwenye ile iliyofichwa?"

"Hamezi kabisa."

"Basi ndiyo kazi yetu hiyo." Akakunja tepu, akairudisha mfukoni kwa uangalifu, maana mkewe alikuwa na nguo ya bibi harusi inayongoja vipimo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo Mzee mwenyewe ameniruhusu nilisimulie. Nilimuuliza mara tatu, mara tatu akasema, "Liandike. Wasifu usio na kosa ni tangazo la biashara."

Miaka kumi na tisa iliyopita, kwa mapenzi yake ya saa ya sifuri, alichukua saa za wagonjwa wote zilizokuwa kwenye kompyuta akazigeuza kuwa za sifuri. Kila kumbukumbu ilikuwa na safu iliyoandikwa mahali anapoishi mgonjwa. Akaona safu hiyo haina kazi tena, kwa kuwa saa ya sifuri haina mahali. Akaifuta. Kompyuta ikawa nyepesi, akapongezwa, tukanywa soda.

Mwezi wa tatu ukafika. Nchi ile ya kaskazini ikasogeza saa zake. Watu kule waliamka, wakaoga, wakapanda mabasi kwa saa yao mpya, lakini ujumbe wetu ulibaki palepale kwenye sifuri, kwa hiyo uliwafikia ukiwa umechelewa kwa saa nzima. Uliwakuta njiani, dawa wameziacha kabatini. Simu za malalamiko zililia siku mbili. Kumrudishia kila mtu mahali pake haikuwezekana, kwa sababu safu imefutwa, na kanda za akiba, zilizotunza nakala, zilikuwa zimeshaandikwa vingine juu yake.

Kwenye mkutano wa Jumatatu alisimama mbele ya wote, wakubwa na wadogo. Hakusema "kulitokea hitilafu". Alisema, "Kosa ni langu. Saa niliikumbuka, mtu nikamsahau." Akaenda ubaoni akaandika maneno ambayo mpaka leo sithubutu kuyafuta: *Lililokwisha kutokea, liandike kwa saa ya sifuri. Linalokuja, liandike kwa saa ya mwenyewe, pamoja na mahali alipo.* Nilimwomba anieleze mimi nisiye na elimu. Akasema, "Ukiniambia umemeza dawa jana, hilo limekwisha, halibadiliki, saa yoyote moja inatosha. Lakini ukiniambia utameza kesho ukiamka, lazima nijue unaamkia wapi."

Tangu hapo kila mgonjwa mpya anaandikwa na mahali pake, na kanuni za saa za kila nchi zimewekwa kwenye jedwali lake peke yake. Faida yake tuliiona mwaka juzi. Serikali ya nchi mojawapo ilitangaza siku ya Alhamisi kwamba mwaka ule haisogezi saa tena, na siku ya kusogeza ilikuwa Jumamosi. Nasikia ofisi nyingine watu walikesha kazini. Mzee alibadilisha mstari mmoja, Mama Pacha akaujaribu mara arobaini, na nilifunga mlango saa ile ile ninayofunga siku zote.

Lakini wale wa zamani waliofutiwa mahali pao walibaki. Walikuwa elfu moja mia moja na arobaini. Mzee aliziita saa zao saa yatima, zina namba lakini hazina pa kukaa. Wengi hawakudhurika, kwa kuwa hawajahama na nchi zao hazisogezi saa. Hivyo watu wakasahau. Nami ningesahau, kama si shangazi yangu.

Shangazi anaugua sukari. Miaka minne iliyopita alihamia kwa mwanawe, nchi iliyo nyuma yetu kwa saa mbili. Aliandikishwa kwetu zamani sana, kwa hiyo saa yake ilikuwa yatima. Huko ugenini simu ilimlilia kwa saa ya nyumbani, nyumba nzima imelala. Shangazi ni mtu mtiifu. Akiambiwa na daktari anafanya, na simu kwake ni daktari. Alijichoma sindano, akarudi kitandani kungoja kifungua kinywa, ambacho kilikuwa bado saa mbili. Mwanawe alimkuta ameanguka mlangoni pa jiko. Walimnywesha maji ya sukari, Mungu akamrudisha. Nilipolisimulia jambo hili kwa Mzee pale koridoni, nilikuwa nalisimulia kama habari za nyumbani tu. Sikujua kwamba ni sisi. Yeye alijua kabla sijamaliza. Alikaa chini kwenye ndoo yangu ya kudekia, iliyofunikwa kwa bahati nzuri.

Mkurugenzi wetu alikuwa mwepesi wa kusaidia. "Msogezee huyo mama saa mbili, leo hii hii, tumalize."

"Nimeshamsogezea," Mzee akajibu. "Huyo ni shangazi wa mshika funguo. Hao wengine ni shangazi za nani, tusubiri waanguke ndipo tuwajue?"

"Basi wape wote saa ya kwetu. Wengi wao wako hapa hapa."

"Kukisia saa ya mtu ni kukisia dawa yake, mama. Nipe nusu saa kila siku, baada ya chakula. Nitawatafuta mmoja mmoja."

"Watu elfu na zaidi? Mzee, utastaafu bado unapiga simu."

"Basi nistaafu napiga simu."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne. Alinunua daftari la mistari, akaandika mayatima wote kwa mkono. Kila siku saa nane mchana alivuta kiti karibu na dirisha la nyuma, penye utulivu, akapiga simu zahanati. Masista mnamkumbuka. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Mgonjwa huyu saa yake ni ya wapi?" na kuna mmoja wenu, sitamtaja, alimjibu, "Baba, saa ni saa tu! Kwenu mna nyingine?" Akaacha kuuliza hivyo. Akawa anauliza, "Sista, tazama mlangoni, kivuli cha nguzo kimelalia upande gani?" Kivuli cha kwao kikitofautiana na chetu, sista aliona mwenyewe kwamba saa zetu si moja; watu hubishana juu ya saa, lakini sijaona aliyebishana na kivuli. Na kama mgonjwa alihama, aliwafuata ndugu, majirani, mpaka mwenye nyumba.

Tulimtania. Mama Pacha alikuwa akimwita mlezi wa kituo cha mayatima. Mkewe alitupigia siku moja kuuliza kama ni kweli mumewe anaongea na wanawake wa nchi sita kila mchana. Tukamwambia ni kweli, na wote anawauliza habari za vivuli. Akacheka akasema, "Hapo ni yeye. Mwambieni akichelewa kwangu amechelewa, asiniletee habari za sifuri."

Elfu moja mia moja na arobaini wakawa mia sita. Wakawa mia mbili na tisa. Alipata homa ya wiki tatu, akarudi amekonda, akavuta kiti chake dirishani kabla hata ya kutusalimia vizuri. Wakawa themanini. Wengine alikuta wameshatangulia mbele za haki, hao aliwawekea alama ndogo kabla ya kupiga namba inayofuata. Mwezi uliopita wakawa saba. Wiki iliyopita wawili. Leo, Jumatatu, ninapoandika haya, amebaki mmoja.

Huyo mmoja ni mwanamke. Jina silitaji, ni siri ya mgonjwa. Anameza vidonge vya kifafa, asubuhi na jioni. Namba yake ya simu ni ya kwetu, lakini watu husafiri na laini zao, na Mzee ana sababu ya kuamini kwamba mama huyu yuko mbali. Nusu ya mwaka ujumbe wa asubuhi huujibu papo hapo. Nusu nyingine huujibu jioni, kama mtu ambaye ujumbe umemkuta ameshatoka na vidonge ameviacha nyumbani. Maana yake yuko katika nchi inayosogeza saa, na kwa miezi mingi ya kila mwaka kidonge chake cha asubuhi anakimeza jua linazama. Sasa hivi tuko katika nusu hiyo mbaya. Lakini nchi zinazosogeza saa ni nyingi, na hazisogezi zote siku moja.

Amempigia, hapokei. Amempelekea ujumbe: "Mama, uko wapi?" Jibu likaja: "Niko nyumbani." Akauliza: "Hapo ni saa ngapi?" Jibu: "Saa ya dawa." Tulicheka mpaka tukapangusa macho, na Mzee alicheka pamoja nasi, kisha akajaribu tena, akamwomba amtajie nchi. Mama akauliza, "Wewe nani?" Mzee akaandika ukweli, kwamba yeye ni mtu wa saa. Likaja jibu la mwisho: "Matapeli mmekuwa wengi. Mungu akusamehe." Tangu hapo habonyezi kitu ila moja.

Hatumlaumu. Tumewafundisha wenyewe wasimwambie mtu wasiyemjua mahali walipo.

Shida ni kwamba Jumamosi, tarehe mosi, tunaanza kutumia programu mpya, na programu mpya haipokei mgonjwa asiye na mahali. Ama tumkisie, ama aachwe nje, na simu yake isilie tena. Yule anayengoja kuambiwa kwamba ni saa ya dawa hataambiwa. Mkurugenzi ameumia, lakini naye ana wakubwa wake, na siku haisogei. Na nywila ya Mzee, neno lake la siri la kuingilia kwenye kompyuta, inafungwa saa ile ile utumishi wake unapokoma.

Kamati ilitaka kumpa zawadi ya saa ya ukutani. Aliposikia akauliza, "Nimewakosea nini?" Kwa hiyo tumemnunulia kiti cha kuegemea, kizuri, chenye mito. Amekijaribu mara moja, akasema ni kizuri sana, kisha akakisukuma mpaka dirisha la nyuma na kuchukua simu.

Juzi kwenye chai Mama Pacha akamchokoza: "Mzee, Ijumaa unaondoka saa kumi na moja jioni. Kwa saa ya nani?" Chumba kizima kilicheka. Mzee hakucheka. Alitazama ukutani, akaweka kikombe, akaenda zake kwa mkurugenzi na barua yake ya kustaafu mkononi. Nilikuwa huko nafuta madirisha, kwa hiyo nililisikia kwa masikio yangu.

"Mama, barua inasema utumishi wangu unakoma tarehe thelathini saa kumi na moja jioni. Haijasema ya wapi."

Mkurugenzi akaisoma. Akaisoma tena. Kweli haikusema. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake na muhuri juu, alikuwa ameandika saa yatima. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua kalamu, akaongeza pembeni maneno manne, akatia sahihi: *kwa saa ya sifuri*. Mzee akamshukuru, akarudi dirishani. Amepata saa tatu zaidi za kumtafuta mtu mmoja.

Mzee wetu, mengine tutayasema siku ya sherehe, kama machozi yataturuhusu. Umetufundisha kwamba kosa halizeeki likiwa na mwenyewe anayelifuatilia. Daftari lako atalishika Mama Pacha, ameshaapa. Asante kwa baiskeli, kwa tepu, kwa jua la jicho moja, na kwa shangazi yangu, ambaye sasa simu humlilia harufu ya chai ikiwa imeshaingia chumbani. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na mkeo akuvumilie ukiwa nyumbani siku nzima. Ukae salama na kwa furaha siku zako zote.

Nanyi wasomaji, nina ombi. Kadi ya zamani ya mama yule tumeipata stoo. Aliandikishwa kwenye zahanati ya mlango wa buluu, nyuma ya karakana ya mabasi, ambayo ilifungwa, na kwenye jengo lake sasa wanauza vioo vya magari. Sista aliyeijaza aliandika kwa wino wa kijani, herufi zimelala, na juu ya kila i ameweka duara badala ya nukta. Pembeni ameandika: "Ana hofu. Aelezwe polepole." Hakutia jina lake. Mama yule hana imani nasi, na ana haki. Sista huyo atamwamini.

Kama ni wewe, au ulifanya naye kazi, au unaujua mwandiko huo, tafadhali jibu upesi. Usingoje toleo lijalo. Piga simu ya mapokezi, nitaipokea mimi. Ijumaa sitafunga mlango saa yangu ya kawaida. Mzee atakuwa dirisha la nyuma kwenye kiti chake kipya mpaka saa kumi na moja ya sifuri, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Ile saa nimeshaibadilisha betri.